Wiki ya Sabini na Mbili

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,
ila hawa wanne hawakufungwa. Ya nini?
Ukiwafungulia mlango wanabaki palepale,
wakizitazama nyasi kama maji marefu.

Eirlys aliwachukua Jumamosi,
mvua ya Tredegar ikipiga ya ubavu,
nyuma ya duka la chakula cha mifugo.
Foleni ya watu wenye maboksi ya ndizi,
na kijana aliyejitolea, karatasi imelowa, akiita:
"Bibi Probert? Wanne."
Wana wiki sabini na mbili, alimweleza.
Ndipo shamba linapofunga hesabu:
yai likipungua, lori linaitwa.

Hakumwambia kijana
kwamba aliyajua mayai yao kabla ya kuwajua wao.
Miaka ishirini na tisa ya zamu ya usiku,
mayai yakimjia juu ya mkanda, taa ikiyapenya,
sita kwa boksi, sita kwa boksi,
na kwenye kila kifuniko mchoro uleule:
kuku mnene, kilima cha kijani, jua.
Kifuniko alikifunga. Kuku hakuwahi kumtazama usoni.

Nyumbani akaliinamisha boksi taratibu.
Manyoya yamewanyonyoka mgongoni,
ngozi nyekundu kama kiwiko cha mtoto kwenye baridi,
vilemba vimepauka, vimelalia jicho
kama soksi iliyofuliwa mara nyingi mno.
Tegwyn, jirani, akachungulia juu ya ukuta.
"Hao wa kuoka au wa kuchemsha?"
"Wa kutazamwa."

Usiku hawakujua kupanda kitulio.
Akawapandisha mwenyewe, tochi mdomoni,
wepesi, wepesi, mito iliyotolewa pamba,
na ndani ya kiganja
moyo ukikimbia kuliko mkanda wowote.

Siku tatu walisimama kivulini wakingoja taa.
Siku ya nne,
yule mwenye ukucha uliopinda,
aliyepewa jina la shangazi mbishi, Blodwen,
aliweka mguu kwenye tuta la vitunguu.
Akaurudisha.
Akauwaza.
Akauweka tena, na mguu ukafanya
jambo ambalo hakuna aliyeufundisha:
ukachakura.
Akarudi nyuma hatua moja kuona amefanya nini.
Nyungunyungu!
Wenzake wakaja wakianguka, wakikanyagana,
vitunguu vyote vikang'oka,
na Eirlys kasimama na chai iliyopoa
akisema, haya, haya, chimbeni,
vitunguu dukani vipo.

Novemba mmoja akafa. Hakuugua, alilala tu.
Akamzika kando ya kopo la mbolea,
kwenye taulo la kuogea, lile zuri,
akajilaumu kwa ajili ya taulo,
kisha akajilaumu kwa kujilaumu.

Majira ya kuchipua manyoya yakarudi,
rangi ya kahawia, rangi ya chai ya mkandaa,
na mayai yakakoma.
Tegwyn alipiga hesabu kwa sauti:
pumba, majani makavu, daktari wa mifugo,
"Yai lako la mwisho limekugharimu pauni arobaini."
"Na wewe, Tegwyn, la kwako la mwisho ulilitaga lini?"
Ukuta ukanyamaza. Jioni yake
akapitisha juu yake bakuli la maganda ya viazi,
bila neno.

Sasa Eirlys hununua mayai, kama kila mtu.
Hupita uani na boksi la sita chini ya koti,
mwizi katika nyumba yake mwenyewe,
kifuniko kikielekea tumboni
ili kilima kile na jua lile visionekane.
Na Blodwen humjia mbio, ukucha ukimpeleka upande,
mbio za mtu aliyechelewa basi,
ananyoosha shingo, anagonga boksi kwa mdomo, mara mbili,
akidhani ni zabibu.